Ingia, Mvua Inakuja

Kisangani, tarehe 9 Novemba 1981

Kwa yaya wangu, dada mkubwa Clémence, Yanonge

Yaya mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na papa Évariste na mtoto wetu Berthe. Je, mgongo wako umepoa? Na mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi hapa ni mzima, nakula, nalala, siwezi kusema ninaumwa. Samaki wakavu uliompa Marie-Jeanne walifika wote, tukawala kwa majani ya sombe. Aksanti sana.

Uliniandikia kwamba watu wa Yanonge wanakuuliza kama mdogo wako ameshakuwa vedette, mwimbaji wa jina kubwa. Nimechelewa kujibu, yaya, na sababu utaiona. Leo nitakueleza yote tangu mwanzo. Soma polepole.

Unamkumbuka Sébastien, yule wa posta anayepiga gitaa. Tulikuwa sisi wawili tu, gitaa lake na sauti yangu. Studio ziko Kinshasa, na Kinshasa ni mbali. Redioni hapa walituambia tulete kaseti yetu wenyewe, kwa sababu za kwao zote zimejaa hotuba za chama. Tukarekodi nyumbani kwa tonton, mjomba wake, lakini umeme wa maporomoko ya Tshopo ulisinzia mara tatu, na ukiisikiliza kaseti hiyo sauti yangu inapanda ghafla kama ya kifaranga. Hawakuipokea.

Basi Sébastien akasema tutafute njia za kuueneza wimbo wetu ambazo hazidai pesa. Tulianza na salongo. Jumamosi avenue nzima inatoka kufyeka majani kwa amri, na hakuna anayerudi nyumbani mpaka chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, aseme. Tulifyeka pamoja nao huku tukiimba. Watu hawakuwa na pa kwenda, wakasikiliza. Chef mwenyewe alifurahi, maana kazi iliisha mapema. Jumamosi iliyofuata tukahamia avenue nyingine, halafu sehemu nyingine za mji, Mangobo na Kabondo.

Njia ya wasusi niliifikiria mimi. Sokoni, kichwa kimoja kinakaa mbele ya msusi nusu siku nzima. Nilikaa nao, nikawafundisha kiitikio, nao wakawafundisha wale waliokuwa wakisukwa. Mama Fatouma, mkubwa wao, aliupenda wimbo mpaka vidole vyake vikawa vinasuka kwa kufuata mdundo. Halafu tukaingia kwenye matanga. Kila tuliposikia kuna msiba tulikwenda, tukaimba bila kuitwa. Yaya, nilifika mahali ambapo nikisikia mtu amekufa, kitu cha kwanza nilichouliza ni watu wangapi watakuja.

Wimbo ulitembea kweli. Wanafunzi waliuimba wakienda shule, wachuuzi wa port mtoni waliuimba wakipanga mizigo. Ila sisi hakuna aliyetujua. Siku moja nilimkuta dereva wa kamyo anaupiga kwa mluzi, nikamwambia kwamba mwimbaji ni mimi. Alicheka. Akasema, “Wewe? Hii wimbo ni ya zamani, hata bibi yangu alikuwa anaiimba!”

Wakati huo ndipo Papa Léon alipotuita. Ana nganda kubwa ya bia commune ya Tshopo, yenye kipaza sauti juu ya bati, na boti inayoshusha bia kwa mto mpaka Isangi. Ni mtu wa heshima, alitupa viti kabla ya kusema lolote. Alisema angetupa micro ya kuimbia kila Jumapili mchana, na boti yake ingepiga kaseti yetu kila bandari, na sisi tusingelipa chochote. Alitaka kitu kimoja tu: jina linaloitwa ndani ya wimbo liwe lake. Hilo si jambo geni, hata orchestre kubwa wanataja majina ya watu.

Sasa nakuambia lile lililonichelewesha. Wimbo huo si wangu, yaya, wala si wa Sébastien. Ni wako. Ni ule uliokuwa ukimwimbia mwanao Timothée baada ya surua kumchukua, kila mvua ilipoanza, umesimama mlangoni ukimwita aingie asilowe. Nilikuwa nyuma yako namenya mihogo, nikaushika wote. Sikukuomba ruhusa. Nilijiambia kwamba mji mzima ukiita jina lake, mtoto atakuwa ameishi zaidi ya ile miaka yake minne. Pengine niliamini hivyo kweli. Sasa sijui.

Papa Léon aliniuliza, “Huyu Timothée ni nani? Iko mutu?”

Sébastien alinitazama, yeye alijua. Nikajibu, “Hapana, papa. Hakuna mutu. Ni jina tu.”

“Bon,” akasema, “alors muweke ya kwangu.”

Tukaweka, tukarekodi upya pale kwake. Sasa ni “Léon, ingia, mvua inakuja,” na watu wanaingia nganda wakikata kiuno, na mvua kwao ni bia. Zilipita wiki mbili tu, mji mzima ukawa unaimba Léon. Mwezi uliopita kulikuwa na matanga ya mtoto mdogo huko Kabondo, nikaenda peke yangu nikaimba Timothée. Watu walinisahihisha. Wengine walicheka, mbele ya mama wa marehemu. Mama Fatouma alinishika mkono, akaniambia kwa upole, “Unakosea, mwanangu. Ni Léon.” Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Akasema ndiyo, lakini hii ya Léon ni nzuri zaidi.

Nilirudi kwa Papa Léon, nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alivua kofia, akanipa pole ya mtoto, halafu akaniuliza yeye afanye nini, maana kaseti zimeshanakiliwa na kusambaa, na juu yake wameandika “Wimbo wa Léon.” Niliaga nikatoka. Mimi nimeacha kuimba. Sébastien bado anapiga gitaa pale, na msichana mmoja, Nyota, ndiye anayeimba.

Ninaandika kwa haraka kwa sababu boti ya Papa Léon itatia nanga Yanonge Ijumaa mchana, na kipaza sauti kitapiga wimbo huo kwa nguvu. Marie-Jeanne anatangulia kesho kwa mtumbwi, kwa pirogue, ndiye nimempa barua hii. Ijumaa nenda shambani, yaya, wewe na mama, mkae huko mpaka boti iondoke. Najua itakusaidia siku hiyo moja tu. Boti itarudi, na watoto wa Yanonge wataushika wimbo kama wa hapa walivyoushika. Sina njia ya kuutoa katika vinywa vya watu.

Msamaha siwezi kuuomba kwa karatasi. Mama usimsomee yote, mwambie tu kwamba niko mzima. Nisalimie papa Évariste, umbusu Berthe kwa ajili yangu, na majirani wote wanaoniulizia. Lakini ukienda kaburini kwa Timothée, usimpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Micheline