Picha ya Kifua Uliyotuficha

Shikamoo, baba.

Nakusalimu kwa sababu ulinilea hivyo. Hasira bado ninayo.

Unaukumbuka msimu ule wa kuvuna zabibu hapa Makutupora, ulipokuwa ukikohoa mpaka unashika nguzo za mizabibu? Mganga wa zahanati alikuambia makohozi yako hayana TB, uende Dodoma mjini ukapigwe picha ya kifua. Wewe ukarudi ukatuambia ni TB. Ukamwomba jirani vidonge alivyobakiza alipopona, ukawa unavimeza mbele yetu bila wasiwasi. Mama alikukanda kifua kwa chumvi ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, ngozi ikababuka, nawe ukasema, "Endelea, nasikia kinalegea."

Kumbe ulikuwa unangoja mavuno yaishe. Yalipoisha ndipo ulipokwenda mjini, na saratani ilikuwa imeenea mapafu yote mawili. Kwamba uliambiwa mapema tulijua msibani kwako, mganga alipomuuliza mama kwa nini mlichelewa kwenda mjini. Nilikasirika hata machozi yakagoma.

Juzi mwalimu wa baiolojia alitusomea habari kwamba wanasayansi wa nje wanatengeneza chembe ndogo mno, nyingine za dhahabu. Zikifika kwenye uvimbe, zinamulikwa mwanga maalumu, zinapata joto na kuunguza seli za saratani. Papo hapo zinaingiza jeni inayozuia seli zinazobaki zisizaliane. Bado wanajaribu kwa panya. Wenzangu waliandika, mimi nikabaki nimebana kalamu. Joto tulikuwa nalo, baba. Letu liliishia kwenye ngozi.

Sasa baba mdogo naye anakohoa. Jana nilimkuta mama akimpashia chumvi. Nikawaeleza habari ya zile chembe, baba mdogo akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha.

"Daktari wa kidato cha tatu," akasema. "Hizo chembe zako zinafika Makutupora lini?"

Nilijibu taratibu. "Sijui, baba mdogo. Labda nitakuwa mmoja wa watakaozileta. Lakini picha ya kifua ipo Dodoma leo. Baba aliambiwa, akatuficha."

Mama aliacha kukoroga chumvi. Hakuna aliyewahi kulisema hilo ndani ya nyumba yetu. Baba mdogo aliketi sawa, akauliza basi la asubuhi linapita saa ngapi.

Asubuhi hii tunakwenda naye, mama na mimi. Sijui picha itaonyesha nini. Hata ikiwa mbaya, tutaijua mapema, sote, akiwa bado anaweza kutembea mwenyewe hadi kwa daktari. Wewe ulitunyima nafasi hiyo, na ninakupenda, na sijakusamehe.

Pumzika, baba. Mimi naenda kuwaamsha.

Binti yako wa kwanza