Almut na Jost Walivyokuja Mwaka Huu

Njia ya Kanisani,
Osterhamm,
19 Agosti 1994.

Mpendwa mdogo wangu Theda,

Pokea salamu za dada yako, na zikukute mzima wewe, shemeji Walter, na huyo mjukuu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Goti lako linaendeleaje? Ulisema daktari anataka kulipasua. Usimkubalie upesi. Madaktari wa huko Kanada, kwa maelezo yako, naona wanapenda kisu kuliko dawa. Mimi sijambo. Kikohozi cha baridi kiliniacha mwezi wa Mei, na sasa nalalamikia upepo tu, kama kila mtu hapa.

Mvua ilitunyeshea Julai karibu yote, kisha jua likaja kwa hasira. Mti wa matufaha wa baba umezaa mpaka matawi yanagusa nyasi. Nimepika jamu, nimegawa kwa majirani, nimempelekea mchungaji, na bado yanaanguka. Mtu mmoja atakula matufaha mangapi?

Habbo anakusalimu sana. Bado ndiye mshika funguo za kanisa, na mdomo wake haujapoa hata kidogo. Juzijuzi alimwambia mchungaji kwamba mahubiri mafupi ndiyo yanayofika mbinguni mapema. Mchungaji akacheka, lakini Jumapili iliyofuata alihubiri kwa muda mrefu zaidi, nadhani makusudi.

Sasa nikueleze habari iliyonikalia moyoni. Tamasha za kiangazi kanisani zinaendelea kama ulivyoziacha: kila Jumapili jioni, Julai na Agosti, wanamuziki tofauti, na wenyeji tunawalaza majumbani mwetu. Wageni wangu ni wale wale, Almut wa fidla na mumewe Jost wa viola, ile fidla kubwa uliyosema sauti yake ni ya baba akiwa na mafua. Unawakumbuka. Ule mwaka uliokuja kumzika Eilert wangu, ndio waliopiga ule wimbo wa taratibu, ukatoka nje ukaenda kulia nyuma ya mnara wa kengele.

Theda, sikufichi. Tangu Eilert aondoke, mwaka wangu hauanzi Januari. Huanza hao wawili wanapogonga mlango, na huisha wanapoondoka. Katikati hapo nyumba ina sauti: mmoja anafanya mazoezi ghorofani, mwingine jikoni anavunja sukari ya mawe kwa meno kama mtoto, wanabishana, wanacheka. Wakishaondoka, nasikia saa ya ukutani peke yake.

Basi Jumamosi iliyopita nilitandika kitanda kikubwa, nikamenya uduvi mpaka vidole vikauma, nikaoka mkate. Mchana akaja Almut na gari, peke yake. Nikadhani Jost amesimama dukani. Jioni Jost akaja kwa miguu kutoka kituo cha basi, viola mgongoni, vumbi mpaka magotini.

Nikamtania, "Kulikoni, umegombana na gari?"

Hakucheka. Almut, aliyekuwa kwenye ngazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Tomma, una godoro jingine?"

Ndivyo nilivyojua. Wameachana tangu Pasaka. Hawakutuambia kwa sababu walikwisha kutoa ahadi ya tamasha, nao ni watu wa ahadi. Almut nikamlaza chumba chetu cha utotoni, chini ya lile dirisha linalolia upepo ukivuma.

Chakula cha jioni kilikuwa kioja. Waliniweka katikati kama mkalimani wa mahakamani.

"Bi Tomma, kesho naona tuanze na kile kipande kifupi," anasema Almut, akinitazama mimi, kana kwamba ndimi nitakayepiga.

"Bi Tomma," anasema Jost, naye ananitazama mimi, "mimi naona tuanze na kirefu, watu wangali na subira."

Nikawaambia, "Na mimi naona tuanze na chai."

Nikawamiminia vikombe vitatu vitatu kama ada. Sijapata kuona chai ikinywewa kimya namna ile, hata msibani.

Jumapili mchana wakaenda kanisani kufanya mazoezi. Mimi nilikuwa napanga maua, Habbo anaweka vitabu vya nyimbo kwenye viti. Wakaanza, wakasimama. Wakaanza tena, wakasimama pale pale. Almut akashusha fidla.

"Umechelewa."

"Sijachelewa," akasema Jost. "Wewe umenikimbia."

"Nimekukimbia?"

"Umenikimbia, Almut."

Hapo sote tulijua kwamba hawasemi habari za wimbo tena. Almut akaweka fidla kwenye kasha lake, akalifunga polepole, akatoka kwa mlango wa pembeni. Tukamwona dirishani akipanda tuta la kuzuia bahari, kichwa chini.

Habbo akakaa kwenye kiti cha mbele kama gunia. "Haya, tumekwisha! Watu wanakuja na baiskeli kutoka pwani yote. Nitawaimbia mimi? Nikiimba mimi hata kondoo wanahama malisho."

"Mwache, Habbo," akasema Jost. Alikuwa amepakata viola mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike. Kisha akanigeukia. "Bi Tomma, mfuate wewe. Nikimfuata mimi atazidi kwenda."

Nikaacha maua, nikaenda. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linang'aa mpaka macho yanauma. Nilimkuta mbali kidogo, amevua viatu, amevishika mkononi, kondoo wanamzunguka bila kumjali.

"Umetumwa," akasema kabla sijafika.

"Nimetumwa."

"Kasemaje?"

"Kasema akikufuata yeye utazidi kwenda."

Akacheka, kicheko cha ghafla, kisha kikageuka kilio. Nikasimama tu kando yake. Alipotulia akaniambia, "Bi Tomma, watu wanadhani kazi ni vidole. Kazi ni pumzi. Kabla ya sauti ya kwanza lazima nimsikie mwenzangu anavyovuta pumzi, nivute naye, ndipo tuanze pamoja. Nyumbani miaka sikumsikia. Tulikaa kama viti viwili. Lakini tukishika hivi vyombo namsikia. Na nikimsikia nasahau kwa nini niliondoka. Nikisahau nitarudi, na nikirudi nitanyamaza mpaka nife."

Mdogo wangu, nilikuwa na neno ulimini. Nilitaka kumwambia: rudi, mwanamke, una mume anayepumua! Mimi ningetoa nyumba hii na bustani yake nipate kugombana na Eilert asubuhi moja tu, hata kwa habari ya chumvi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza. Niliona kwamba ile ni njaa yangu, si yake, na mtu hamlishi mwenzake kwa njaa yake mwenyewe.

Nikamwambia, "Hutaki, usipige. Nitasimama mlangoni niwaambie watu mpiga fidla anaumwa. Watakunywa chai, watarudi makwao. Hakuna atakayekufa."

"Na Jost?"

"Jost ni mtu mzima."

Upepo ukampeperusha nywele usoni wala hakuziondoa. Baadaye akasema, kama anayejisemea, "Peke yangu sina kipande hata kimoja ninachokipenda kama hivi vya watu wawili." Akaketi kwenye nyasi, akavaa viatu.

Jioni kanisa lilijaa, wengine wakasimama nyuma. Tulifungua madirisha kwa joto, na kondoo wakawa wanatia neno lao mara kwa mara. Wakatoka wawili, Almut na gauni lake la kijani, Jost na koti lile lile jeusi. Hawakutazamana. Wakainua vyombo.

Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Miaka yote nimekaa pale na sikuwahi kuisikia, lakini safari hii niliingoja, nikaisikia: pumzi. Moja tu, ya watu wawili. Kisha muziki ukaanza.

Walianza na kipande kirefu. Jost alishinda, au Almut alimwachia, sikuuliza. Ule wimbo wa taratibu waliuweka mwisho. Unajua ulivyo: fidla inasema, viola inajibu, kisha fidla inamaliza sentensi ya viola kabla haijaisha, kama wazee waliooana zamani. Niliogopa kuwatazama nyuso, nikaitazama mikono. Mikono haikuwa na ugomvi wowote. Habbo, ambaye huwa anakohoa mpaka watu wanageuka, hakukohoa hata mara moja. Walipomaliza, makofi yakaja kama mvua ya mawe juu ya paa.

Jost akanyoosha mkono, kama wafanyavyo kila mwaka kabla ya kuinama. Almut akautazama. Akaushika. Wakainama pamoja.

Nami, bibi kizee mpumbavu, nikaanza kukitandika upya kile kitanda kikubwa moyoni mwangu.

Walipoinuka, Almut akauachia ule mkono.

Nje akina mama walikuwa wanagawa chai na keki. Watu waliwazunguka, wanasifu, wanauliza. Hakuna aliyejua kitu. Almut akanivuta kando, fidla begani, funguo za gari mkononi. Akanikumbatia mpaka mifupa ikalia.

"Bi Tomma, mwakani usinitandikie."

"Hata ukija peke yako?"

"Hata peke yangu. Nikija, utakuwa unaangalia nyuma yangu kumtafuta yeye."

Nilitaka kukana, lakini ni kweli. Akaondoka. Nawe wajua nchi yetu ilivyo tambarare, mtu anayeondoka huonekana muda mrefu. Nilisimama mpaka gari likawa kama punje ya pilipili manga, kisha likawa si kitu.

Jost alibaki, maana Jumapili hakuna basi la jioni. Hakula. Aliosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu. Nikamwonea huruma, na nikuambie kitu cha aibu: nilifurahi pia kwamba kuna mtu jikoni.

Asubuhi, tukisubiri wakati wa basi, nikamwomba anipigie kidogo. Nilidhani atakataa. Akatoa viola, akasimama kati ya jiko na meza, akapiga ule wimbo wa taratibu. Sehemu yake tu, Theda. Akifika mahali ambapo fidla husema peke yake, alikuwa anainua upinde na kungoja. Kimya kabisa, jicho dirishani, anangoja kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni. Kisha anaendelea. Kisha anangoja tena. Mimi sijui kusoma noti, lakini wimbo ule naujua, na katika kila kimya nilimsikia Almut waziwazi.

Nikakaa pale na kitambaa cha vyombo mkononi. Mimi huandaa meza, huzima taa, husema "haya, tulale," kisha huacha nafasi kidogo ya kujibiwa. Sikujua kama kuna mwingine anayefanya hivyo.

Alipomaliza akasema, "Sehemu yangu peke yake si wimbo, eti?"

"Kwa jikoni inatosha," nikamjibu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Nikamsindikiza kituoni. Nikamwambia mwakani aje hata kama hajapata wa kupiga naye, kitanda kipo. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akapanda basi.

Mchungaji ameniuliza kama mwakani nitawapokea vijana wanne wa kutoka Hamburg, wanaopiga tarumbeta. Habbo anasema vigae vyangu vya paa vitahama. Nimemwambia mchungaji awalete. Tarumbeta ni kelele, lakini kelele nazo ni watu.

Sasa niseme lile nililolizunguka barua nzima. Umeniandikia niuze nyumba nije kukaa kwenu, na shemeji Walter amekwisha pima chumba. Mshukuru sana, ana moyo mkubwa. Lakini siji, mdogo wangu. Usikasirike. Si kwamba huku nina raha. Jioni ni ndefu, na kuna siku sauti ya kwanza ninayoisikia kutoka kinywani mwangu ni ya kumfukuza paka wa jirani. Ila upweke huu naujua kila kona yake, naweza kutembea ndani yake gizani bila kujikwaa. Huko kwenu ningelazimika kujifunza mwingine, na mimi si wa shule tena.

Njoo wewe. Njoo kiangazi kijacho, hata kwa majuma machache. Mara ya mwisho ulikuja kwa ajili ya jeneza. Safari hii usingoje jeneza, maana litakalofuata ni langu, na nataka unikute nina miguu ya kukufungulia mlango mwenyewe.

Nisalimie shemeji Walter, mwanao Gerrit na mkewe, na umbusu mtoto kwenye nyayo kwa niaba yangu. Habbo anasema umletee mke tajiri wa Kanada, awe kiziwi ikiwezekana.

Mungu aliyeweka bahari kati yetu awe pande zote mbili, akulinde unapolala na akuamshe mwepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Tomma