Nimeikata Macintosh Yetu

Jumapili, Migori. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika saa nane, na sasa jua limetoka kali kana kwamba hakuna lililotokea. Kanisani sikwenda. Nimeketi dukani, mlango nusu wazi, na nimeshasimama mara nne tangu nianze aya hii. Nimechemsha chai nikaisahau. Nimefagia mahali palipokwisha fagiwa.

Basi niandike. Labda nikiandika nitatulia.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba natengeneza kompyuta na kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi, vile vijitabu wanavyogawiwa waombolezaji. Wasichojua ni kwamba duka hili lilianza na watu wawili. Mimi Robi, Mkuria wa huku karibu na mpaka, na Awuor, Mjaluo wa Rusinga. Kijaluo changu ni cha sokoni, na yeye kwa Kikuria alijua salamu tu, kwa hiyo tulicheka kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa Macintosh tuliyopewa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imezeeka hata wakati ule. Kasha la plastiki ya kijivu na bluu, vishikio kwenye pembe zote nne, na ubavu mmoja ambao ni mlango. Unavuta pete, ubavu unalala mezani taratibu, na ubao mzima wa kompyuta unakuja nao mpaka mbele ya macho yako.

Awuor alikuwa akiwafungulia wateja mlango ule kwa kujionyesha tu.

Aliondoka miaka minane iliyopita. Mwaka uliofuata mashine ikafa, nikaisukuma chini ya meza, nikaifanya mahali pa kuwekea miguu.

Sasa binti yangu, Boke, ameingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Nyumba imenyamaza vibaya. Nikifika naosha sahani moja na kikombe kimoja, halafu sijui mikono niipeleke wapi. Jumatatu iliyopita mteja aliniachia kompyuta ya kawaida ya ofisi iliyoanguka kutoka kwenye pikipiki. Kasha lilikuwa limepondeka kama mkebe, lakini matumbo yote yalikuwa mazima. Alisema hataki hata kuiona tena, nichukue. Nikaitazama. Nikatazama chini ya meza.

Nilitaka kazi ngumu. Nimeipata.

Nilitoa kila kitu ndani ya Macintosh: ubao mama, pawa saplai inayogawa umeme, diski, nyaya. Kasha tupu likawa jepesi na zuri, nikajisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake asiyekuwepo. Kisha nikaushika ubao mama mpya na kuulaza pale kwenye mlango. Matundu manne ya skrubu yalikubali. Mengine yalikataa. Vile vijiti vya chuma vilivyokuwa vinashikilia ubao wa zamani vilikuwa vinagusa tumbo la ubao mpya, na vikigusa hivyo stima ikiwaka umeunguza kila kitu. Ikabidi nivikate. Msumeno wa chuma, halafu tupa, kijiti kimoja baada ya kingine, unga wa chuma ukiniingia puani.

Nyuma ya kasha palikuwa na matundu ya nyaya za Macintosh, na nyaya za kompyuta hii zinatokea pengine kabisa. Nikakata dirisha jipya. Nilikata vibaya, upande mmoja umepinda. Pawa saplai nayo haikukaa mahali pa ile ya kwanza, nikaigeuza ubavu na kutoboa matundu mapya matatu. Kitufe cha kuwashia ndicho kilichonipa raha. Waya zake hazina jina wala alama, kwa hiyo nilizipima mbili mbili kwa mita huku nikibonyeza, mpaka mita ikalia. Nilipiga makofi peke yangu.

Alhamisi nikafunga mlango wa kasha.

Haukufunga. Ukumbuke ubao umekaa kwenye mlango wenyewe, kwa hiyo ukiuinua, kila kilichosimama juu ya ubao kinaingia ndani nao. Feni ya processor ilikuwa ndefu, ikagonga pawa saplai. Palibaki nafasi ya kupitisha kidole. Nilisukuma. Nilitoa skrubu nikarudisha. Nikatukana kwa Kikuria, lugha ninayoitunza kwa mambo kama hayo.

Ijumaa, kwa hasira ya mlango, nikaamua kufanya kazi nyingine: kuangalia diski ya zamani ya Macintosh kabla ya kuitupa. Niliiunganisha na laptopu yangu yenye Linux, inayoweza kusoma diski za aina ile. Ilikwaruza, ikazunguka, ikafunguka. Kadi zetu zote zilikuwepo. Na folda ya mazishi.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama tena. Nitaendelea.

Miaka minane iliyopita familia moja kutoka Rodi Kopany ilituletea kazi. Mzee wao, mwalimu mstaafu, alikuwa amefariki. Programu kurasa kumi na mbili, picha yake kubwa kwenye jalada, chini yake maneno "Safari ya Mwisho". Tulichapisha nakala mia tatu. Siku ya mazishi watu walipogawiwa, waliona uso kwenye jalada si wa marehemu. Ni wa mdogo wake, Mzee Ogutu, aliyekuwa ameketi pale pale mstari wa mbele, mzima, kofia mapajani.

Wanaojua kwetu huku hawahitaji nieleze zaidi: kuweka uso wa mtu hai pale ni kumwitia kifo. Mama yao, bikizee aliyekuwa amezika mtoto mmoja wiki ile, alipiga yowe kana kwamba amepewa habari ya wa pili.

Jumatatu yake walikuja dukani, wanaume sita na Mzee Ogutu mwenyewe. Alishika ile programu tu. Mmoja wao akauliza, "Nani alifanya hii?"

Nikasema, "Picha ni kazi ya Awuor."

Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Picha zilikuwa kazi yake, mimi nilikuwa wa maneno na kuchapa. Awuor akasimama mbele yao peke yake akaomba msamaha kwa Kijaluo, muda mrefu, mikono ameikunja kifuani. Mimi nilibaki nyuma ya printa. Wiki hiyo hiyo alichukua vitu vyake. Hakunilaumu. Alisema mama yake alikuwa mgonjwa siku zile, akili yake haikuwa kazini, lazima aliteleza.

Mimi nilimwamini. Ilikuwa rahisi kumwamini.

Ijumaa hii nikaona kwenye diski majalada mawili. La kwanza limehifadhiwa Jumatano jioni ya wiki ile ya mazishi, na picha iliyopo ni ya marehemu, sahihi kabisa. La pili limehifadhiwa Alhamisi mchana, na ndilo lenye uso wa Mzee Ogutu. Nilijaribu kuilaumu saa ya mashine. Lakini saa ile ilikuwa sawa, Awuor mwenyewe alikuwa ameibadilishia betri mwezi ule.

Alhamisi ile Awuor alikuwa Rusinga kwa mama yake. Aliondoka alfajiri, akarudi Ijumaa kazi imeshachapwa.

Na hapo ikanijia yote, mpaka harufu ya wino. Alhamisi ile familia ilituma flash disk, wakisema humo kuna picha bora ya mzee. Kulikuwa na wazee wawili humo, wanafanana kama ndugu walivyo. Nilimchagua mwenye suti.

Ni mimi.

Lakini si hilo linaloninyima kuketi. Kosa ni kosa, mtu yeyote angeweza kulifanya. Ni hili: diski ilikuwa humu dukani miaka minane, saba kati ya hiyo chini ya miguu yangu. Kuifungua kulihitaji dakika kumi. Kwa nini sikuwahi kuangalia? Nadhani kuna sehemu yangu iliyojua kwamba haitakiwi kuangalia.

Jana nilichapisha majalada yote mawili nikaenda Homa Bay. Awuor ana duka la kushona sare za shule, karibu na soko. Sikupiga simu kwanza. Nilimkuta na futi ya kupimia shingoni, amenenepa kidogo, amependeza.

"Mama Boke," alisema. "Karibu."

Hajawahi kuniita hivyo. Kwake nilikuwa Robi. Nikajua umbali ulioingia kati yetu.

Nikaweka karatasi mezani. "Hii ni ya Jumatano. Ni yako. Na hii ni ya Alhamisi."

Alizitazama. Aliichukua ya Alhamisi, akaisogeza karibu na macho, kisha akaiweka chini polepole.

"Alhamisi nilikuwa Rusinga."

"Ndiyo."

"Kwa mama."

"Ndiyo, Awuor. Ni mimi niliibadilisha. Nilisahau. Nimeiona jana tu kwenye diski."

Akaingia mama na msichana wake anayetaka sweta. Awuor alimpima mabega, akamtania kuhusu urefu wake, akaandika kwenye daftari, akawasindikiza mpaka mlangoni. Nilibaki nimesimama na mkoba wangu kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine.

"Unajua niliacha kompyuta kabisa?" aliniuliza. "Nilijaribu hapa Homa Bay, cyber ya dada yangu. Kila nikiweka picha ya mtu naiangalia mara kumi. Nikasema hapana. Mimi naweza kuzika mtu aliye hai. Nikaenda kujifunza cherehani."

"Nisamehe, Awuor."

"Usiniharakishe." Hakupaza sauti. "Miaka minane, Robi. Ungeangalia siku ile ile. Walikuwa wamesimama pale, mashine iko pale. Ungefungua tu."

Sikujitetea. Nadhani hicho ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri jana.

Kisha akauliza, "Na mashine yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia. Vijiti, dirisha lililopinda, kitufe.

"Umeikata na msumeno?"

"Nimeikata. Sikufikiri kukuuliza. Ilikuwa yako pia."

"Na mlango bado unalala vile?"

"Unalala, lakini haufungi. Feni inagonga pawa saplai."

"Si utafute feni fupi," alisema, kama mtu anayeshangaa kwa nini anasumbuliwa. "Zile bapa, za kompyuta ndogo za ofisini. Hizo huwa chini."

Mtu aliyeacha kompyuta kabisa. Nilitazama sakafu ili asione uso wangu.

Kisha akakunja zile karatasi mbili akanirudishia mkononi. "Mzee Ogutu yuko hai. Yuko kwake Rodi, nyuma ya posho mill. Mimi nikipita Rodi nikamwona barabarani, anavuka upande wa pili. Anafikiri nilimwandikia kifo. Mwendee umwambie."

"Twende sote?"

"Mimi nilisimama mbele yao peke yangu."

Nikasema sawa. Nikasema nitapitia pale pale nikirudi, kwa kuwa Rodi iko njiani. Nilisema kwa sauti ya mtu jasiri.

Gari ilisimama Rodi Kopany. Watu walishuka, wengine wakapanda, mtu akauliza kama nafasi iliyo karibu nami iko wazi. Niliiona posho mill, kile kinu cha mahindi, bati lake jeupe kwa unga. Karatasi zilikuwa kwenye mkoba.

Sikushuka.

Leo asubuhi, badala ya kanisa, nilipekua sanduku langu la vipuri mpaka nikapata feni bapa. Niliifunga. Nikauinua mlango, ukaingia, pete ikabana kwa ule mlio wake mdogo. Nikabonyeza kitufe na kompyuta ikawaka, kimya, taa yake imetulia. Wiki nzima niliingoja dakika hiyo. Niliitazama kwa muda wa kunywa maji, nikaizima, nikarudi kwenye ufagio.

Saa tisa nikamwandikia Awuor neno moja tu: "Sikushuka."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Najua. Ungeshuka ungenipigia ukilia. Mzee huwa hatoki nyumbani kabla ya saa nne asubuhi."

Hakuna zaidi. Hajanisamehe, na hajanitukana. Amenipa saa.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika kwenye karatasi yale nitakayomwambia mzee. Mara ya kwanza yalijaa ukurasa: flash, mfanano wao, haraka ya kazi, ugonjwa wa mama yake Awuor. Nikafuta. Mara ya pili nusu ukurasa, na bado nilikuwa naongea habari zangu. Nikafuta. Yamebaki maneno manne ninayoweza kuyasema hata sauti ikikatika: Mzee, picha niliiweka mimi. Kisha nitasubiri, hata akinifukuza. Halafu nitamtaja Awuor kwa jina, kwa sauti, waliopo wote wasikie.

Duka litafungwa kesho asubuhi. Wateja wangu mnisamehe, njooni mchana.

Kesho nashuka.