Vipimo vya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na kazi inakupa walau nafasi ya kulala. Sisi huku hatuumwi. Baba anakula kidogo lakini anakula, na juzi alitoka mwenyewe kwenda kunyoa ndevu. Mama mdogo anakusalimu sana. Anasema uache kula umesimama kama mtu anayefukuzwa.

Umeniomba mara tatu nikutumie sauti za mama, zile alizokuwa akijirekodi dukani, kwa kuwa hukuwahi kumzika na simu yako ya zamani iliibwa pamoja na ujumbe wake wote. Mara zote nimekujibu kwamba mtandao ni mbovu. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu nikibanwa nasema “sawa” halafu nakata. Naomba uisome yote kabla hujanipigia.

Unakumbuka kwamba hata kabla hujaondoka macho ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua. Alipoona hawezi tena kusoma daftari lake la vipimo, akaanza kuiweka simu mezani na kusema kwa sauti huku anampima mteja: kifua kadhaa, kiuno kadhaa. Ila mama na namba tupu hawakuelewana. Yule mpambaji wa kumbi aliambiwa kwamba kiuno chake kimehama bila kuaga, naye akajibu kwamba kimehamia kwa jirani yake, nyonga, na vicheko vyao vyote vikaingia humo humo kwenye kipimo. Tabu ilikuwa kukipata unachokitaka. Ili ukate suruali moja ulilazimika kusikiliza watu kumi na mmoja.

Nilipomaliza shule nikawa nakaa nyuma ya duka, kwenye pasi, ambako wateja hawanioni. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha habari za wingu, kwamba mtu mwenye biashara ndogo anaweza kuweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta kubwa za watu wengine zilizo mbali, akazifungua kwa simu yoyote, popote alipo. Nilimweleza mama. Akauliza kama huko juu hakunyeshi, na nani atakayemlindia vitu vyake. Nilipokwisha kumjibu akasema haya, mradi hao walinzi wasije wakajifunza kushona wakatunyang'anya wateja.

Nikazipandisha sauti zote, kisha kwa wiki sita nikasikiliza moja baada ya nyingine na kuandika jina na vipimo kwenye jedwali moja huko huko. Kaka, lilitusaidia. Mama mdogo akawa anakata nguo nyumbani kwake bila kuja dukani kuuliza. Yule muuguzi aliyehamishwa kazi akaagiza magauni mawili kutoka huko aliko, na yakamkaa vizuri. Bati lilipovuja na madaftari ya zamani yakaloa, hatukupoteza kipimo hata kimoja. Mama akamtambia fundi viatu wa jirani kwamba duka letu msilione dogo, nusu yake iko ghorofani. Fundi viatu akamwomba basi ampe chumba kimoja huko, mkewe amemchosha.

Alipolazwa, jedwali lile ndilo lililoliweka duka wazi. Nilikuwa namsomea vipimo kitandani naye ananiambia wapi tuongeze na wapi tubane, nami nampelekea mama mdogo maneno yake. Hakuna mteja aliyerudishwa. Nilijivuna kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Sasa nisikilize, kaka. Wakati huo tulipata kazi ya sare za kwaya, watu arobaini, na picha za vitambaa zikakataa kupanda kwa sababu nafasi tuliyopewa ilikuwa imejaa. Nikaangalia kilichoijaza nikakuta ni sauti za mama. Nikawaza kwamba namba nimeshaziandika zote, na hata nikizifuta huko juu, zitabaki kwenye simu yake. Nilidhani tuna kabati mbili. Kumbe ni kabati moja yenye milango miwili, ukitoa kitu kwa mlango huu, kimetoka na kwa ule. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikarudi kwenye sare.

Mama alifariki siku tisa baadaye.

Mazishi yalipopita, baba akaniomba nimwekee sauti yake asikie. Nikafungua simu, hamna kitu. Nikamwambia betri imeharibika. Nilijua kwamba fundi wa kompyuta, mlango wa tatu kutoka dukani kwetu, angeweza kunisaidia. Nikaenda. Kulikuwa na watu ndani, na ningelazimika kusema mbele yao kwamba nimefuta sauti ya mama yangu. Nikajifanya nasoma tangazo mlangoni, nikarudi. Siku nyingine nikaenda tena, nikarudi tena. Nilipita mlango ule kwa siku ishirini.

Siku niliyoingia alikuwa peke yake. Alitazama simu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nilizifuta lini. Tukahesabu pamoja, zikawa siku thelathini na nne. Akaniambia kwa upole, bila kunilaumu, kwamba vitu vilivyofutwa huwekwa pembeni kwa siku thelathini kabla havijapotea kabisa, na kwamba kama ningekuja wiki iliyopita angenirudishia zote kwa dakika tano.

Kwa hiyo mtandao si mbovu, kaka. Sauti hazipo. Kosa la kufuta lingesameheka, nilikuwa sijui. Lakini kilichozimaliza ni haya zangu.

Nilizisikiliza zote, mia nne na kumi na mbili, nyingine mara mbili, na nimeanza kuyaandika maneno yake kabla hayajanitoka. Yako ilikuwemo. Ni siku alipokupimia shati la safari. Kwenye jedwali niliandika tu bega kumi na nane, mkono ishirini na tano. Lakini ulipotoka alisahau kuzima, akaendelea kuongea peke yake. Alisema, “Huyu mtoto amenyoosha mgongo ili nisione kwamba anaogopa.” Mkasi ukasikika, kisha akasema mkono amekuongezea inchi moja, maana ugenini mtu hukua bila mamaye kumwona. Sina hakika kama alisema “mamaye” au “mtu wa kwao”. Nimejaribu sana kukumbuka.

Baba bado hajui. Nikishaituma barua hii nitamwambia leo leo, maana nikingoja mpaka nipate ujasiri nitangoja siku nyingine ishirini. Mama mdogo naye nitamwambia.

Wasalimie wote unaokaa nao. Jifunike vizuri unapolala, na unijibu, hata kama ni kwa hasira. Nitasoma.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya