Pumzi Niliyompimia Baba

Shiqiao, 3 Machi 1986

Kwa kaka yangu mpendwa Guoheng,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, pamoja na wifi na watoto. Kifua cha wifi kimetulia? Mwambie aache chai ya baridi hadi miti ichipue. Mimi nipo. Kusema mzima nitakuwa nimekudanganya, na nimekwisha kukudanganya vya kutosha.

Tangu tumzike Baba nimefunga chumba cha dawa, lakini watu hawasikii. Kila asubuhi nawakuta kwenye benchi pale nje, mikono ya makoti wameshaikunja. Jana Mama Luo, yule muuza tofu, alinipigia kelele, “We Shuzhen, mlango umeufunga, na vidole navyo umevifunga?” Benchi zima likacheka. Nikacheka nao, kisha nikarudi ndani kulala. Nimechoka, kaka. Nalala nimechoka na naamka nimechoka.

Wewe ulitoroka mapema ukaenda kusomea ujenzi wa madaraja, ila nadhani hili hujalisahau: sisi hatupimi mshipa kwa saa. Saa ni pumzi ya mganga mwenyewe. Akivuta na kutoa mara moja, mshipa wa mgonjwa upige mara nne, au tano. Ukipungua, mwili una baridi; ukizidi, una moto, nayo kazi yetu ni kuurudisha katikati. Ndiyo maana Baba alikaa kimya kwanza kabla ya kumshika mtu, na siku akiwa na mafua hakumgusa mgonjwa hata angeombwa vipi.

Alipoacha kazi, wagonjwa wote wakawa wangu. Watu arobaini kwa siku, kisha nimwogeshe Baba na kumlisha uji. Mpunga ulipoanza kuvunwa nilikuwa nahema nikipanda ngazi za darini. Nilijua kuwa pumzi yangu imeharibika. Nikajiambia nitapumzika wagonjwa wakipungua.

Kwenye simu ya posta nilikuambia Baba alikufa kwa uzee. Si kweli.

Alikuwa ameacha kula. Nilimshika mkono, nikaukuta wa baridi, nikahesabu: pumzi yangu moja, mapigo yake matatu. Nikaamua kuwa ana baridi tumboni, nikamchemshia mdalasini, tangawizi kavu na ule mzizi mkali tunaoufungia kabatini. Kumbe mshipa wake haukuwa wa polepole. Pumzi yangu ndiyo ilikuwa fupi. Baba alikuwa anaungua ndani, nami nikamwongezea kuni.

Alikunywa siku tatu, kila bakuli hadi tone la mwisho. Siku ya nne niliuona ulimi wake, mwekundu na mkavu, nikaelewa. Nilimpa dawa za kupoza lakini hazikumfaa tena. Nikapiga magoti, nikamwambia nimekosea. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa akinisikiliza nikihema. Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa.

Akasema, “Ningeikataa, usingeshika tena mkono wa mtu. Wale wa benchini nani angewatazama?” Halafu akacheka kidogo, jinsi alivyoweza. “Nilidhani mwili wangu utaivumilia, mwanangu. Na mimi nilikosea hesabu.”

Alifariki kesho yake, kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya kufagia makaburi inakaribia. Wewe ndiye mkubwa wetu, neno ni lako. Ukitaka nisimame mbali na kaburi, nitasimama mbali. Watu wa benchini nao niliwaambia ni uzee, na sitamshika yeyote mkono kabla hujanijibu. Nitukane ukitaka, kaka, ila usininyamazie.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Shuzhen