Mbuzi wa Geti la Nyuma

Lindi, Kibera
Jumanne

Brathe Mutunga,

Niaje? Salamu zikufikie hapo Kabiro ulipojifungia, kama mlango wako bado unafunguka. Mimi niko fiti, nakula vizuri, shingo imenenepa. Ya afya yako nimeshaambiwa. Valary, yule muuza samaki wa omena hapa Kisumu Ndogo, amesema alikuona kwa duka ukinunua nusu mkate na pakiti moja ya maziwa, kama mtu asiye na bibi. Nilicheka mpaka nyundo ikaniponyoka. Lakini wacha niulize kwa adabu, mathe asije akasema hakunilea: unalala? Unaoga?

Naandika kwa karatasi kwa sababu umenifungia simu. Valary ndiye atakuletea, kesho akipeleka omena huko kwenu Kawangware. Usimkasirikie. Mkasirikie mtu wa size yako.

Kabla ya kunifungia ulinitumia sauti ya dakika kumi na moja. Nimeisikiza mara tatu, moja yake na mafundi wenzangu, tukikunywa chai. Hapo unalia kwamba baba mkwe wako, Mzee Kiarie, ni mwongo, kwamba alipokea mbuzi wako watatu na sasa anakataa. Unasema ulimwita hivyo katikati ya ploti yake, hapo hapo mnapokaa, wapangaji wakitoa vichwa madirishani. Mzee akakupita tu. Aliingia kwa chumba chako, akamwambia binti yake Wakarima achukue mtoto na shuka, akawahamisha kwa nyumba yake ya mawe pale mbele. Na Jumapili hii kijana anabatizwa kwa kanisa la mzee, ataitwa Kiarie. Si Ndululu, jina la marehemu baba yetu. Kiarie. Kwa sababu binti ambaye hajaletewa mbuzi bado ni wa kwao, na mtoto wake huitwa upande wa kwao. Kwao ni hivyo, na kwetu Ukambani ni hivyo hivyo. Hapo hakuna wa kukuhurumia.

Na ulitaka nini, bwana mkubwa? Si ni wewe ulisema mila ni ya shetani? Siku ya harusi yako mathe alitoka Kitui na basi la alfajiri, amevaa kile kitambaa chake cha kanisa, akauliza kwa sauti ya chini tu ntheo, wale mbuzi wa kufunga ndoa kimila, inapelekwa lini. Mbuzi watatu, wawili wa kike na beberu mmoja. Si ng'ombe, si ndege. Pasta wako akachukua maikrofoni, akasema hizo mbuzi ni sadaka ya wafu. Na wewe, kifungua mimba wa mama yetu Kathini, ukasema amina. Mathe alitoka nje, akakaa juu ya jiwe kando ya tangi la maji mpaka sherehe ikaisha. Mimi ndiye nilimpelekea soda. Hakuifungua.

Mimi ni mtu wa darasa la nane, unapenda kunikumbusha hivyo. Lakini nimekaa Lindi miaka sita na nimesoma dunia kuliko huyo pasta wako. Jirani yangu Mnubi aliozesha binti yake mwezi uliopita. Shehe alisoma dua, halafu wamama wakawasha udi, wakampaka bibi harusi hina mpaka kwa viwiko, na shehe mwenyewe akala pilau akarudia. Valary ni mtu wa rozari, lakini muulize atazikwa wapi, atakwambia ni nyumbani kwao ziwani, msalaba juu. Kwa simu nimeona Wahindi wakizunguka moto, nimeona Wazungu wakimrushia bibi harusi mchele, tena nje ya kanisa. Kila mahali Mungu alikuta watu wameshatandika meza yao, akavuta kiti akaketi. Ni kwa kanisa lenu la mabati tu ndiyo alifika na njaa na mkamkataza kula.

Hata huyo Mzee Kiarie unayemtukana amekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini. Alishawahi kuniambia ndoa yake mwenyewe ilianza na mbuzi na ikakamilika kwa altari, na mbuzi hakumng'ata kasisi.

Basi hebu tukumbushane ya Agosti. Wakarima alikuwa na mimba kubwa, mzee akaanza kunyamaza kila ukimsalimia, na wewe ukaingiwa na baridi ya woga. Ulikuja hapa kwangu kofia imefunika macho, kama mwizi wa kuku. Ukaniomba nipokee mbuzi watatu ambao mathe alikuwa amefuga bila kukuambia chochote, niwapeleke kwa mzee. Lakini siku ya kazi, wamama wa maombi wa kanisa lako wakiwa hawako. Nisikae. Nisile. Nimwambie mzee asitangaze. Na nipitie geti la nyuma.

Geti la nyuma, Mutunga! Na geti la mbele la hiyo ploti nimelichomelea mimi, na maua ya chuma juu, watu wa Kabiro wote wanalijua. Nilikwambia sawa. Kesho yake jioni nikakupigia simu, nikasema wamefika, mzee amefurahi.

Sasa shika kiti.

Hawakufika. Niliwashusha kwa lori la makaa kutoka Kitui, nikatembea nao mpaka Kabiro, nikafika mahali naona hilo geti la nyuma. Ni pale wapangaji humwaga maji ya vyombo. Mmoja wa kike alikuwa na utepe mwekundu shingoni, mathe alimfunga kama mtoto anayeenda shule. Nikamwona mathe kwa mawazo, juu ya lile jiwe. Hasira ikanipanda, nikageuza mbuzi. Tuliwachinja Kisumu Ndogo, beberu Jumamosi, wale wengine Jumapili na Jumatatu. Nilijitapa kwamba ni sherehe yangu. Nilikula mpaka nikaumwa na tumbo.

Mzee Kiarie hajala hata kwato. Alisema ukweli, na wewe ukamwita mwongo kwa uongo wangu.

Na si hayo tu. Alhamisi iliyopita alikuja mwenyewe hapa Lindi, na koti lake la kanisa, akaruka mitaro yote. Akaniuliza polepole kama nimewahi kumletea kitu. Akasema nikisema ndiyo, atawauliza watu wa nyumba yake mmoja mmoja, na akikuta ni kweli atakuomba msamaha mbele ya wapangaji. Nilishusha miwani ya kuchomelea, nikamwambia niko na kazi. Alisimama akingoja nizime mashine. Sikuzima. Ndipo akasema, karibu anajisemea, kwamba hilo jina Ndululu linamsumbua ulimi, lakini alikuwa amelifanyia mazoezi tangu mtoto azaliwe. Akaenda.

Tangu hapo sijachomelea hata geti moja.

Kwa hivyo nimempa Wambua, fundi wa ng'ambo ya mtaro, ile mashine yangu, na yeye amenipa mbuzi watatu, wawili wa kike na beberu. Wamefungwa hapa mlangoni, mmoja ameshakula kalenda. Usinishukuru, bado sikupendi. Jumamosi natembea nao kwa miguu kupitia Ngong Road, na saa nne asubuhi nitakuwa mbele ya geti langu la maua. Nitagonga kwa nguvu. Nitasema mbele ya wapangaji wote kwamba mwongo ni Mbithi. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini yale matusi ni yako, na wewe utakuwa umesimama hapo kando yangu bila kofia, uyarudishe mdomoni moja moja. Pasta wako akipita, umsalimie. Mzee akiuliza mbuzi ni wa mwana wa nani, mimi nitanyamaza. Utamjibu wewe, kwa sauti, utaje jina la baba.

Mathe nitampigia mwenyewe, usiniwahi. Nisalimie Wakarima ukimwona kwa dirisha, na umbusu huyo kijana ambaye bado hana jina. Ule utepe mwekundu sikuutupa. Jumamosi utauona shingoni mwa yule wa mbele.

Ni mimi, ndugu yako mbaya,

Mbithi
Fundi wa mageti, asiye na mashine