Nikupige Picha Wewe Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Babati tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mbaazi. Unauliza kwa nini nilinuna uliposema kwamba wewe na wenzako wenye ulemavu mnaanzisha televisheni yenu.

Miaka ile ya uhaba wa bidhaa madukani, mgeni mmoja alikuja na kamera pale Bonga, sisi wenye ulemavu tulipokuwa tukishona viatu. Akaniambia, "Dada, weka magongo pembeni, utambae kidogo. Wafadhili wakiona, mtaletewa sabuni."

Sabuni tuliitaka sana. Lakini mwenzangu Bura, asiyeona, akaninong'oneza, "Huyu anatafuta nini hasa?"

Nikamwambia mgeni, "Nikupige picha wewe kwanza." Akacheka, akanipa kamera. Nilipoiinua tu, akafunga vifungo vya shati, akapangusa vumbi usoni, akasimama wima. Nikampiga hivyo hivyo. Kisha nikashika magongo yangu, nikainuka. "Haya, zamu yangu."

Hakupiga. Aliondoka, na sabuni hatukuiona.

Tangu siku hiyo kamera siiamini. Ila umeandika kwamba ya kwenu unaishika wewe mwenyewe. Basi njoo nayo Krismasi, lakini unipe muda nivae kitenge kizuri.

Ni mimi bibi yako,
Martina